Anayetaka kunenepa atafute chakula, si vidonge

WASWAHILI husema mwili haujengwi kwa matofali. Maana yake ni kwamba mwili hujengwa kwa chakula. Usemi huu kila mmoja wetu anaujua, lakini katika miji yetu ni kana kwamba umesahaulika.

Kila yanapozuka mazungumzo juu ya uzito wa mwili, wanaosemwa huwa ni wanene. Huambiwa wapunguze mafuta, waache soda na watembee kwa miguu. Ushauri huo ni wa maana, kwa sababu kisukari na shinikizo la damu vimeingia katika nyumba nyingi. Hata hivyo, lipo kundi jingine ambalo halina msemaji. Ni la wale wanaotafuta kilo na wasizipate.

Hawa ni vijana wanaopiga vyuma jioni mitaani, vyuma vyenyewe mara nyingi vikiwa ni mikebe iliyojazwa saruji. Ni makarani, wanafunzi wa vyuo, makanga wa matatu na vibarua wa mjengo. Aidha, wapo akina dada ambao kila wanapokwenda mashambani huambiwa na jamaa zao kwamba mji umewakausha. Wote hawa wanakula, au wanaamini kwamba wanakula, lakini mizani haisongi.

Kukonda katika nchi zetu kuna uchungu wake. Katika miaka ya themanini na tisini, UKIMWI ulipokuwa ukiua watu kwa wingi, mtu mwembamba alitazamwa kwa jicho la shaka. Kule Uganda ugonjwa huo ulipewa jina la "Slim" kwa jinsi ulivyomkausha mgonjwa. Leo dawa za kupunguza makali zinapatikana na wanaoishi na virusi wana afya na miili yao, lakini jicho lile la shaka halijafumba. Ndiyo sababu mtu aliyechoka kuulizwa "mbona umekonda hivi?" huwa tayari kumeza chochote atakachoambiwa kitamnenepesha.

Na wa kumwambia hawakosi. Vipo vidonge vinavyouzwa kichinichini, vingine vimefungwa kwenye karatasi tupu isiyo na jina, kwamba ni dawa ya mwili. Mnunuzi huahidiwa mashavu, mapaja na misuli katika muda wa wiki mbili.

Baadhi ya vidonge vya aina hii huwa na deksamethasoni. Hii ni dawa ya heshima ikiwa mikononi mwa daktari. Mwaka 2020, kwa mfano, ilithibitishwa kwamba inaokoa maisha ya wagonjwa mahututi wa Korona. Lakini anayeimeza kila siku, wiki baada ya wiki, ili apate mwili, anachopata si misuli. Uso hufura ukawa mviringo, tumbo hujaa mafuta na maji hubaki mwilini, huku misuli ya mapaja na mabega ikiyeyuka. Mizani itapanda, naam, lakini itakuwa imepandishwa na maji na mafuta.

Isitoshe, dawa hiyo hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa na hupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na maradhi. Kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Tezi zilizo juu ya figo nazo huzoea kutegemea kidonge na kuacha kutengeneza homoni yake. Mtu akiacha dawa ghafla baada ya muda mrefu anaweza kuzirai na hata kufa. Kwa hivyo, ikiwa umekuwa ukiimeza, usiiache kwa siku moja. Nenda hospitali, sema ukweli wote, na daktari atakuonyesha namna ya kuipunguza pole pole.

Nyingine ni siproheptadini, ambayo ni dawa ya mzio. Ni kweli huamsha hamu ya chakula, lakini pia huleta usingizi. Dereva akisinzia kwenye usukani, au fundi akisinzia ghorofa ya tano, kilo alizoongeza zitamfaa nini? Na hamu ikiamka huku sahani ni ile ile, kuna faida gani?

Maoni yangu ni kwamba wengi wa watu hawa wembamba hawana ugonjwa, wala si laana ya ukoo. Hawali vya kutosha, na hawajui kuwa hawali vya kutosha. Hebu tupige hesabu.

Mchukue kijana wa miaka 25 mwenye kilo 55 na urefu wa sentimita 175. Ukigawa uzito wake kwa mraba wa urefu wake kwa mita, kwa kipimo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani, unapata karibu 18. Mtu mzima akiwa chini ya 18.5 huhesabiwa kuwa na uzito mdogo kuliko unaofaa. Ili abaki na kilo zake hizo, akiwa na shughuli za kawaida, anahitaji kama kalori 2,400 kwa siku. Akibeba mawe mjengoni, au akitembea kutoka Kibera hadi Eneo la Viwanda na kurudi, anahitaji zaidi.

Anakula nini? Asubuhi ni kikombe cha chai ya maziwa na vipande vitatu vya mkate, kama kalori 330. Mchana ni chai tena na maandazi mawili, kama kalori 500. Usiku ndipo anapokula hasa: ugali wa robo kilo ya unga na sukuma wiki iliyokaangwa kwa vijiko viwili vya mafuta, karibu kalori 1,200. Jumla ni kama 2,000. Tumbo limejaa na analala akiwa ameshiba, lakini mwili wake unadai kalori 400.

Mwishoni mwa wiki huenda akapata nyama au chapati kwa ndugu yake na deni likalipwa. Jumatatu linaanza upya. Mtu wa namna hii akienda kupiga vyuma, anaongeza deni juu ya deni. Misuli haiwezi kujengwa kwa vifaa visivyokuwepo.

Lipo jaribio la zamani linalofundisha jambo hili vizuri. Mwaka 1945, Vita Vikuu vya Pili vikielekea ukingoni, mtaalamu Ancel Keys wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, aliwatumia vijana 36 wenye afya waliojitolea wenyewe. Kwa majuma 24 walipewa chakula cha karibu kalori 1,570 kwa siku, nusu hivi ya walichozoea, na wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Walikuwa wakihisi baridi, wakinyong'onyea na kuwaza chakula mchana na usiku.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu zaidi. Wakati wa kuwarejeshea miili yao, waligawanywa katika makundi. Wengine waliongezewa vitamini, wengine protini, na kiasi cha chakula kikatofautiana. Ilionekana kwamba vitamini na protini za ziada hazikusaidia sana pale chakula chenyewe kilipokuwa haba. Kilichowarudishia miili ni wingi wa chakula. Kama ilikuwa hivyo kwa vijana wa Minnesota, itakuwaje tofauti kwa kijana wa Kayole?

Basi yule kijana wetu wa kilo 55 afanye nini? Anahitaji kufikia kama kalori 2,800, yaani aongeze 800 juu ya anachokula sasa. Hapa wengi hukosea kwa kujaribu kuongeza ukubwa wa ugali wa usiku. Tumbo lina mpaka wake. Njia rahisi ni kuongeza vyakula vidogo vyenye nguvu nyingi, na kuvisambaza mchana kutwa.

Gao moja la njugu karanga, gramu 50 hivi, lina karibu kalori 280. Nusu lita ya maziwa au mala ina kama 300. Nusu ya avokado ina kama 160, na kikombe kimoja cha maharagwe yaliyochemshwa kina kama 220. Vyote hivi pamoja ni zaidi ya kalori 900, na hakuna hata kimoja ambacho mama mboga au duka la mtaani halikijui. Asubuhi, badala ya chai tupu, anaweza kunywa uji wa wimbi uliotiwa maziwa na njugu za kusaga, kwa viazi vitamu au nduma.

Kwa upande wa protini, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 ukikusanya majaribio 49 ulionyesha kwamba anayepiga vyuma hufaidika na kiasi cha gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Zaidi ya hapo, faida kwa misuli ni ndogo mno. Kwa mtu wa kilo 55 hizo ni kama gramu 88. Maharagwe, ndengu, maziwa, njugu, mayai mawili ya kuchemsha na omena vitamfikisha hapo. Omena kavu, ambayo baadhi ya watu wa mjini huiona kuwa chakula cha wanyonge, karibu nusu ya uzito wake ni protini.

Hii haimaanishi kwamba unga wa protini unaouzwa kwa makopo ni sumu. Kwa mtu mwenye figo nzima ni chakula tu, tena chakula ghali. Mwenye pesa zake na anunue. Lakini anayeruka chakula cha mchana mwezi mzima ili aweze kununua kopo moja amejiibia mwenyewe. Kuhusu sindano za homoni ambazo vijana wengine huchomana gizani, hizo zinadhuru moyo na ini, na zinaweza kumnyima mwanamume uzazi.

Yapo pia mambo yanayoua hamu ya chakula bila mtu kufahamu. Miraa na muguka ni mojawapo: anayetafuna alasiri yote hataona njaa wakati wa chajio. Sigara ni ndugu yao. Hata chai, ikinywewa vikombe viwili kabla ya chakula, hujaza nafasi ambayo ingepewa maharagwe. Afadhali inywewe baadaye. Usingizi nao usidharauliwe, kwa maana misuli hujengeka mtu anapopumzika. Saa saba hadi nane kwa usiku si uvivu.

Hata hivyo, si kila wembamba unatibiwa kwa sufuria. Aliyekuwa mwembamba tangu ujana na ana nguvu zake ni tofauti na yule anayekonda bila kukusudia. Ukiwa na kilo 60, na katika miezi sita ukapoteza tatu au zaidi bila sababu unayoijua, usianze kununua njugu kabla ya kumwona daktari. Kikohozi kisichokwisha, homa na jasho la usiku vinaweza kuwa dalili za kifua kikuu. Kiu isiyokatika na kukojoa mara kwa mara ni dalili za kisukari. Moyo unaodunda mbio na mikono inayotetemeka huenda vikatokana na tezi ya shingo. Matibabu ya kifua kikuu na dawa za virusi vya UKIMWI hutolewa bila malipo katika hospitali za serikali. Hakuna haja ya kufa kwa aibu.

Waajiri nao wana sehemu yao. Kibarua anayebeba kokoto tangu saa moja asubuhi na kupewa dakika chache za kunywa chai hawezi kujenga mwili, wala hawezi kujenga jengo vizuri. Saa ya chakula cha mchana iheshimiwe, na palipo na mjengo pawe na nafasi ya mwenye kibanda kupika githeri na maharagwe. Nasi jamaa na marafiki tuache mzaha wa kumwita mtu mshipi au upepo. Maneno hayo hayajawahi kumwongezea mtu hata gramu moja, ila yamewapeleka wengi kwa wauza vidonge.

Mwisho, anayetaka kunenepa awe na subira. Kuongeza robo kilo hadi nusu kilo kwa wiki kwatosha. Ajipime mara moja kwa wiki, asubuhi kabla ya kula, wala asihangaike na mizani kila siku. Kilo nne au tano zilizopatikana kwa miezi minne kwa njia ya maharagwe na maziwa zitakaa. Zile za wiki mbili kutoka kwenye karatasi isiyo na jina zitaondoka, na huenda zikaondoka na mwenyewe. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba, tukumbuke, ni kipimo cha nafaka.