Dikteta wa mzingani ni nani?

Kuna watu wakisikia riwaya ya nyuki wanadhani ni hadithi ya watoto. Hebu tafuteni The Bees ya Laline Paull, iliyotoka mwaka 2014. Flora 717 ni nyuki wa tabaka la chini kabisa, la wazoa taka. Mzingani mwao kutaga ni haki ya malkia peke yake, anayekiuka anauawa. Flora anataga.

Wengi watasema ni kisa cha malkia dikteta. Mimi nabisha. Kwenye mzinga halisi malkia hatoi amri yoyote, kazi yake kubwa ni kutaga. Nyuki vibarua nao ni majike, na wachache wao hutaga mayai yasiyorutubishwa, ya kutoa madume. Nani anayazuia? Vibarua wenzao! Wanayagundua, wanayala. (Wanasayansi wenyewe wanaiita kazi hiyo ya polisi, sijatia chumvi.)

Ndiyo maana riwaya hii inanitisha kuliko zile za rais mwenye picha kila ukuta. Rais hupinduliwa. Flora akificha yai lake, wa kuogopwa kwanza ni dada zake anaolala nao.