Risala ya Wahudumu na Wazazi wa Vijijini kwa Halmashauri ya Kaunti Kuhusu Theluji na Barafu Barabarani

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Kaunti,
Waheshimiwa Madiwani,
Ndugu Mkurugenzi wa Barabara,
Ndugu Mkurugenzi wa Huduma za Wazee,

Kwa heshima na taadhima, tunawashukuru kwa kukubali kutusikiliza kabla mpango wa majira ya baridi haujapitishwa. Sisi ni wahudumu wa wazee majumbani, wauguzi, vibarua wa mashambani na wazazi wa watoto wa shule, tunaoishi katika vijiji vya milima ya Pennines, kaskazini mwa Uingereza. Tumetoka Tanzania, Kenya, Burundi na mashariki mwa Kongo. Kikao cha kuandaa risala hii tulikifanya kwa Kiswahili, na ndivyo tulivyoiandika. Tafsiri ya Kiingereza tumeiambatisha. Majirani zetu waliozaliwa huku wameisoma tafsiri hiyo na kutia saini pamoja nasi, kwa kuwa barabara tunayopita ni moja.

Tunaomba kwanza kuwatambua madereva wa malori ya chumvi. Saa kumi alfajiri, watu wakiwa wamelala, tunaziona taa zao zikizunguka kule chini kwenye barabara kuu. Kazi yao ni ngumu na ni ya hatari. Malalamiko yetu hayawahusu wao. Yanahusu uamuzi unaofanyika ofisini, wa wapi lori lifike na wapi lisifike.

Waheshimiwa, wajibu wenu katika jambo hili umeandikwa. Mwaka 1991 dereva mmoja aliteleza kwenye barafu huko East Sussex akaumia vibaya, na kesi yake ilipofika Baraza la Mabwana mwaka 2000, majaji waliamua kwamba wajibu wa kutunza barabara, kama sheria ilivyokuwa wakati huo, haukuhusisha kuzuia barafu. Bunge halikuridhika na hali hiyo. Mwaka 2003 kifungu cha 41 cha Sheria ya Barabara Kuu ya 1980 kiliongezewa maneno yanayoitaka mamlaka ihakikishe, kadiri inavyowezekana, kwamba theluji na barafu hazihatarishi usalama wa wapita njia. Maneno hayo ya "kadiri inavyowezekana" tunayaelewa na tunayakubali. Hakuna halmashauri inayoweza kumwaga chumvi kwenye kila njia ya shamba. Ombi letu ni kwamba, mnapopima kinachowezekana, muangalie pia nani anaishi mwisho wa barabara.

Baada ya utangulizi huo, tunaomba kuwasilisha malalamiko yetu kama ifuatavyo.

1. Ramani ya njia za chumvi. Ramani iliyopo inahesabu magari. Barabara za daraja A na B zinamwagiwa chumvi, baadhi ya zile za daraja C pia, na zetu zisizo na daraja zinaachwa kwa sababu magari yanayopita ni machache. Ni kweli ni machache. Lakini katika hayo machache, alfajiri, mengi ni yetu wahudumu, na tunakokwenda ni kwa watu wasioweza kungoja.

Tunaomba mtuvumilie tueleze jambo moja kwa kirefu. Yupo bibi mmoja juu ya mlima ambaye hawezi kutoka kitandani ila kwa mashine ya kuinulia, na kanuni za kazi zinataka wahudumu wawili kwa mashine hiyo. Asubuhi ya barafu, mmoja hufika kwa kuwa anaishi jirani, mwenzake akakwama bondeni. Aliyefika hana ruhusa ya kumwinua peke yake, na hata angekuwa nayo, asingethubutu. Hubaki amemshika mkono, anampa chai kwa kijiko, anambadilishia anachoweza kubadilisha, na bibi analala kwenye shuka lililolowa hadi barafu iyeyuke. Mara nyingi ni karibu na adhuhuri. Bibi huyu halalamiki. Hutuuliza sisi kama hatukuumia njiani. Wahudumu waliokwama huacha gari chini, wakavaa soksi juu ya viatu ili wasiteleze, wakapanda kwa miguu wakishikilia ukuta wa mawe; hivyo ndivyo mwenzetu mmoja alivyovunjika mkono wakati wa baridi uliopita.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Halmashauri hii ndiyo yenye barabara, na Halmashauri hii hii ndiyo inayogharimia huduma za wazee wengi tunaowatembelea. Majina na anwani zao mnazo. Saa tunazotakiwa kufika mnazijua, kwani mmezipanga ninyi. Faili ziko katika idara mbili za nyumba moja.

Tunaomba: Mkurugenzi wa Barabara na Mkurugenzi wa Huduma za Wazee wakae pamoja kabla ya mwezi Oktoba, waweke alama kwenye ramani kwa kila nyumba yenye mtu anayehitaji huduma kila siku, na barabara inayofika kwake ipewe daraja la pili la kuhudumiwa, mara tu barabara kuu zinapokamilika, hata kama magari yake ni ya kuhesabika.

2. Chumvi peke yake kwenye barabara tulivu. Tumejibiwa mara kadhaa kwamba chumvi haifanyi kazi vizuri pasipo magari. Jibu hilo ni la kweli, nasi tunalikubali. Chumvi ya mawe inahitaji matairi ya kuisaga na kuisambaza mpaka iwe maji ya chumvi. Na baridi ikishuka kufikia nyuzi 8 au 10 chini ya sifuri, nguvu yake hupungua sana. Ila sababu hiyo imekuwa ikitumika kufunga mjadala, ilhali dawa nyingine ipo. Wakulima wa huku wana matrekta, na wengi wako tayari kuyafungia bapa la kusukumia theluji kwa malipo ya haki. Mchanga na kokoto ndogo haziyeyushi barafu, lakini huyapa matairi mahali pa kushika. Shida ni kwamba makubaliano na wakulima hufanywa theluji ikiwa imeshaanguka, kwa simu za haraka haraka, na kila mkulima anafungua njia ya kwake kwanza. Hatuwalaumu, wana mifugo ya kulisha.

Tunaomba: mikataba na wakulima isainiwe mapema, kila mmoja akabidhiwe barabara yake kwa maandishi, alipwe pia kwa kuwa tayari na si kwa saa za kusukuma tu, na vilima vikali vilundikiwe mchanga kabla ya msimu.

3. Maji yanayovuka barabara. Chini ya mlima wa kanisa, pale barabara inapokata kona kwenye kijito, kalvati imeziba kwa majani na udongo. Maji yanatoka shambani, yanapita juu ya lami, na usiku yanaganda. Asubuhi pale huonekana kama lami iliyolowa tu, na dereva mgeni hajui kitu mpaka usukani umekuwa mwepesi mkononi. Hata lori la chumvi likipita, maji yanayoendelea kutiririka huiosha chumvi yote. Hapa hatuhitaji chumvi. Tunahitaji koleo.

Tunaomba: kalvati na mitaro ya sehemu hiyo isafishwe mwezi Septemba, na isafishwe tena majani yakishamaliza kuanguka.

4. Mapipa ya chumvi. Tunashukuru kwa mapipa ya manjano yaliyowekwa kando ya barabara ili wakazi wajihudumie. Lakini pipa la kwenye njia panda ya juu mfuniko wake umepasuka, mvua inaingia, na chumvi imeshikana ikawa jiwe la rangi ya kahawia. Tumeligonga kwa nondo tukapata vipande vya ukubwa wa ngumi, visivyofaa kumwagwa popote. Pipa la pili liliisha Desemba na halikujazwa tena. Wapo pia wanaochukua chumvi hiyo kwa nyua zao, nasi tumekwisha kuzungumza nao.

Tunaomba: mapipa yakaguliwe na kujazwa kabla ya Novemba na tena katikati ya Januari, na kila kijiji kipewe mtu mmoja wa kutoa taarifa moja kwa moja kwa fundi wa eneo.

5. Watoto wa shule. Basi la shule haliingii kwenye barabara isiyomwagiwa chumvi, na dereva ana haki ya kukataa. Hivyo watoto hushuka mpaka barabara kuu kwa miguu, gizani, maana mwezi Desemba huku jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi. Hakuna njia ya waenda kwa miguu. Kuna ukingo wa nyasi, nao ndiko theluji iliyosukumwa kutoka barabarani inakorundikwa. Kwa hiyo mtoto wa miaka tisa hutembea katikati ya barabara, kwenye mstari wa matairi. Baadhi yetu tulikulia mahali ambapo masika yakianza, hakuna gari linalopita, na tulikwenda shule na tope magotini. Sisi si watu wa kuogopa kutembea. Ila tope halimrushi mtoto mbele ya lori.

Tunaomba: mahali basi linaposimama na ile njia fupi ya kufika hapo pasafishwe kabla ya saa moja na nusu asubuhi siku za shule, na theluji isirundikwe upande watoto wanakopita.

6. Akiba ya chumvi. Baridi ya 2009 na 2010 nusura iimalize chumvi nchini, na uchunguzi ulioongozwa na David Quarmby mwaka 2010 ulishauri kila mamlaka ianze msimu na akiba ya siku 12 za matumizi makubwa. Desemba ya mwaka huo huo ikawa baridi kuliko Desemba yoyote katika miaka 100. Tunajua kwamba akiba ikipungua, barabara za vijijini ndizo zinazokatwa kwanza.

Tunaomba: Halmashauri itangaze akiba yake mwanzoni mwa msimu, na itamke wazi ikishuka hadi kiasi gani barabara zetu zitaachwa, ili tujipange mapema.

7. Taarifa. Uamuzi wa kumwaga chumvi usiku hufanyika mchana, baada ya utabiri kuwafikia wahandisi. Sisi tunaujua asubuhi, tukiwa tayari barabarani. Wengi wetu zamu zetu huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Tunaomba: ujumbe mfupi wa simu utumwe kabla ya saa kumi na moja jioni, ukitaja barabara zitakazohudumiwa na zile ambazo hazitahudumiwa. Tukijua, tutabadilishana wazee: anayeishi juu ahudumie wa juu.

8. Malipo ya siku barabara inapofungwa. Wahudumu wengi hulipwa kwa ziara. Barabara ikifungwa, hakuna ziara, hakuna malipo, hata kama mtu ametembea saa nzima kwenye theluji akarudishwa na dhoruba. Waajiri wetu hutuambia kwamba nao wanalipwa na Halmashauri kwa ziara zilizokamilika. Wapo kati yetu ambao kibali chao cha kuishi nchini kimefungwa kwa mwajiri mmoja, nao huogopa kusema hapana. Huendesha gari wasipopaswa kuendesha. Hilo, waheshimiwa, ndilo linalotunyima usingizi kuliko yote tuliyoyataja.

Tunaomba: mikataba ya Halmashauri na kampuni za huduma iwe na kifungu kinachosema kwamba ziara iliyoshindikana kwa sababu ya theluji au barafu italipwa, na muda wa kutembea kwa miguu uhesabiwe kuwa ni kazi.

Mheshimiwa Mwenyekiti, tunafahamu pia kwamba kifungu cha 150 cha sheria ile ile kinamruhusu mtu yeyote kupeleka lalamiko kwa mahakimu theluji inapoziba barabara na isiondolewe, na mahakama inaweza kuamuru iondolewe. Hatujaitumia njia hiyo na hatuna nia ya kuitumia. Tumevumilia, tumechimba kwa makoleo yetu, tumevuta magari ya majirani kwa kamba, na tumekuja kwenu kwa sababu mnao uwezo wa kulimaliza jambo hili kabla halijafika mahakamani.

Fedha tunajua ni chache. Kama yote hayawezekani mwaka huu, tunaomba muanze na namba 1, namba 3 na namba 8. Ya kwanza inahitaji kikao, ya tatu inahitaji mafundi wa siku moja, na ya nane inahitaji kifungu kimoja katika mkataba.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla ya mwisho wa mwezi Septemba, kwa kila namba peke yake, yakitaja ofisa atakayehusika na tarehe ya utekelezaji. Wawakilishi wetu wako tayari kufika ofisini siku yoyote mtakayotuita, na wako tayari kupanda gari na wahandisi wenu kwenda kuonyesha kalvati, mapipa na kona tulizozitaja.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wahudumu, wazazi na wakazi wa vijiji vya juu.