PIPA UVUNGUNI SI USAFI!

Vijana wenzangu wa kalamu, kuna hekima moja ya mjini imetuchosha: eti mji safi ni ule ambao pipa la taka halionekani. Lisukume uani, lifiche nyuma ya choo, lifunike kwa sandarusi, almuradi mgeni apite barabarani asilione. Hapo basi, tumestaarabika!

Hebu tuulizane. Uani kwa nani? Mwenye ukuta na geti anapo pa kuficha. Je, mpangaji wa chumba kimoja pale Majengo au Katandala afiche wapi? Uvunguni? Uani kwake ndiko jikoni kwake. Vyombo vinaoshwa hapo, mtoto anacheza hapo hapo. Agizo ni moja, lakini kwa tajiri ni kusogeza ndoo, kwa maskini ni kulala na nzi.

Wapo watakaosema: mbona Marekani wanaficha? Kweli, huko vipo vitongoji ambamo pipa likionekana toka barabarani mwenyewe anatozwa faini. Lakini siku ya gari inajulikana: pipa linatoka, linamwagwa, linarudi. Sisi tumeiga kuficha, gari tumelisahau!

Tena sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imezibebesha mamlaka za serikali za mitaa kazi ya taka ngumu, kuzikusanya na kuzisafirisha zikiwemo. Kwa hiyo pipa lililofurika mlangoni ni shahidi: linasema gari halijapita. Ukilificha, umemziba shahidi mdomo. Na taka zenyewe haziozi kwa aibu. Usiku zitachomwa tuvute moshi, masika zitaziba mtaro, kiangazi upepo wa Ufipa utazirudisha barabarani.

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Shambani Mfipa hufukia nyasi ndani ya tuta, intumba, zikaoza; mvua zikirudi tuta linasambazwa, mbegu inapandwa. Naye anafukia, sawa, ila anafukia ili avune. Sisi tunavuna nini uvunguni? Maganda na mabaki ya jikoni yangetengwa yangekuwa mbolea. Tunayachanganya na chupa za plastiki, kisha tunaona haya.

Na mji huu je? Sumbawanga, wazee husimulia, maana yake ni "tupa uchawi". Hawakusema "ficha uchawi"!

Basi tudai. Ndoo yenye mfuniko kila nyumba, sawa, nzi hatuwataki. Lakini na kizimba kila mtaa, siku ya gari ibandikwe ofisini kwa mtendaji, na hesabu ya ada ya taka isomwe mkutanoni, wote tusikie.

Nawe mshairi unayeandika machweo ya Ziwa Rukwa kila toleo, machweo hayakimbii. Shuka mtaroni, andika unachokiona. Wakikuambia unauaibisha mji, waulize gari linapita lini.