Skype yafungwa: nani atamfikia mzazi asiye na intaneti?

Jumatatu, tarehe 5 Mei 2025, kampuni ya Marekani Microsoft ilifunga Skype, programu iliyowazoesha watu wengi kupiga simu kwa kompyuta ya nyumbani. Waliokuwa wakiitumia waliombwa kuhamia Teams, programu nyingine ya kampuni hiyo hiyo.

Wengi watauliza: hasara iko wapi, na WhatsApp ipo? Swali hilo ni la haki. Skype ilianza Agosti 2003, wakati simu ya ng'ambo ilikuwa ikila pesa nyingi kila dakika. Watu wawili wenye kompyuta na intaneti waliweza kuongea bila kulipa dakika. Mwaka 2011 Microsoft iliinunua kwa dola bilioni 8.5. Leo kazi hiyo imehamia kwenye simu za mkononi.

Lakini Skype ilikuwa na mlango wa pili. Ndugu aliyeko Canada au Ubelgiji aliweza kuweka pesa kidogo kwenye akaunti yake, kisha akapiga kwa kompyuta nambari yoyote ya kawaida huku Kongo. Mwenye kupokea hakuhitaji mega wala simu kubwa. Simu ndogo ya vibonye ilitosha, bora kuwe na mtandao. WhatsApp haifanyi hivyo: inadai intaneti pande zote mbili.

Kwetu, tofauti hiyo si ndogo. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, serikali ilikata intaneti na ujumbe mfupi kwa karibu wiki 3. WhatsApp ikanyamaza, lakini simu za kawaida ziliendelea kupita. Katika vijiji vingi vya Kivu na Ituri, antena inaleta sauti tu. Na tangu mwanzo wa mwaka 2025, Goma na Bukavu zilipoangukia mikononi mwa M23 na uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa, familia nyingi zilitawanyika. Simu ndiyo njia ya kujua nani yuko hai, na yuko wapi.

Huduma ya aina hiyo haijaisha yote. Viber Out, kwa mfano, inapiga nambari za kawaida. Bei ya dakika kwenda Kongo ilinganishwe kwanza. Skype ilipofungwa, wenye pesa iliyobaki waliweza kuitumia ndani ya Teams, na mazungumzo ya zamani yaliweza kuchukuliwa hadi Januari 2026.

Kazi kubwa iko upande wetu. Wengi tuna WhatsApp kwenye nambari ya zamani, na laini tunayotumia kila siku ni nyingine. Ndugu wa ng'ambo wapewe nambari hiyo ya kila siku, na ya jirani pia, waziandike kwenye daftari. Siku intaneti itakapokatwa tena, itakuwa kuchelewa kuziomba.