Msingoje tiketi ya kwenda nyumbani

Wazazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mnaosomewa haya mezani, kila muhula ukiisha nasikia maneno yale yale mlangoni: "Mwalimu, usijali, tukienda nyumbani Kiswahili chake kitakolea." Mimi nasema hakitakolea. Familia ya watu watano haipandi ndege kwenda Dar es Salaam au Mombasa kila mwaka. Wengi wetu twaenda baada ya miaka mitatu au minne. Mtoto akifika, wiki mbili za kwanza anaona haya, ya tatu anaanza kucheza na binamu zake, ya nne tunafunga mizigo.

Lugha inataka jambo la kusemwa, na mambo yamejaa hapa hapa Uswidi. Mwezi wa saba nilisafiri kwa gari na rafiki yangu, mzaliwa wa Mombasa, pamoja na watoto wake wawili, kutoka Hjulsta mpaka Höga Kusten, yaani Pwani ya Juu. Unashika E18, kisha E4, halafu ni kaskazini tu: Uppsala, Gävle, Sundsvall, Härnösand. Ni zaidi ya kilomita 400. Sharti lilikuwa moja: simu zikae mkobani mwa mama yao mpaka Gävle. Tulinung'unikiwa hadi Uppsala, kisha yule mdogo akauliza kwa nini miti haiishi, na mazungumzo yakaanza.

Sasa nieleze pwani ile, maana nataka watoto waijue. Zamani nchi yote hii ilifunikwa na barafu yenye unene wa kilomita tatu hivi, na uzito wake ukaididimiza ardhi. Barafu ilipoyeyuka, ardhi ikaanza kuinuka taratibu, na mpaka leo inainuka, milimita 8 hivi kwa mwaka. Katika mlima wa Skuleberget kuna alama ya ufuo wa kale, mita 286 juu ya bahari ya leo. Utakuta mawe ya mviringo yaliyolainishwa na mawimbi, nawe umesimama msituni. Yule mdogo ana miaka tisa. Tukapiga hesabu: tangu azaliwe, pwani imepanda kama sentimita saba. Akapima kwa vidole, akacheka.

Hapo ndipo nilipopata nafasi niliyoitafuta darasani miaka mingi. Neno "kupwa" haliwaingii watoto wetu, kwa sababu bahari ya huku haipwi wala haijai kiasi cha mtu kuona. Mimi nimekulia Tanga, nawaambia maji yanakwenda mbali mpaka watu wanatembea kuokota chaza, wananiangalia tu. Lakini pale juu ya mawe rafiki yangu aliwaambia: "Hapa maji yalikupwa miaka elfu kumi iliyopita, hayajarudi." Wakaelewa mara moja. Na kwa wale wanaopenda tarehe: UNESCO iliiandika Höga Kusten kuwa urithi wa dunia mwaka 2000, mwaka ule ule ulioandikwa Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Daraja nalo msilipite kimya. Linavuka mto Ångermanälven, lina urefu wa mita 1,867, na lilifunguliwa mwaka 1997. Rafiki yangu alipoliona alianza habari za feri ya Likoni, foleni yake na wauza karanga, na watoto wakajifunza maneno "pantoni" na "kivuko" bila mtu kushika chaki.

Kuna wazazi wanaoogopa kwamba Kiswahili chao si sanifu, kwa hiyo wanamwachia mwalimu. Acheni. Rafiki yangu huniambia "ndoo" akimaanisha "njoo". Tulipopumzika kando ya barabara akamwita yule mkubwa, "Ndoo hapa!" Mtoto, ambaye kwangu amefundishwa ndoo ya maji, akafungua buti la gari kutafuta. Tukacheka mpaka machozi, kisha tukawaeleza kwamba Mombasa mjini kuna mtaa unaitwa Ndia Kuu, na hiyo "ndia" ndiyo "njia" yetu. Somo la lahaja kama hilo sina darasani. Msituni tuliokota blåbär, sheria ya huku inaruhusu kila mtu, na wakataka jina lake la Kiswahili. Rafiki yangu akaziita "vizambarau", kwa kuwa zinapaka ulimi rangi. Mimi sikukubali, lakini watoto wameshalishika.

Kazi yangu ya wiki ni uuguzi, na kazini nimewaona wazee waliotoka Ufini wakiwa vijana, wakafanya kazi Uswidi maisha yao yote. Ugonjwa wa kusahau ukiwashika, Kiswidi ndicho kinachoponyoka kwanza. Kifini kinabaki. Mtoto anakuja kumtazama mama yake, mama anazungumza, mtoto haelewi, ananiuliza mimi nesi amesema nini. Nami sijui. Miaka thelathini ijayo wazee hao ni sisi, akina mama na akina baba wa Hjulsta, Rinkeby na Tensta. Ninapowasumbua kuhusu Jumamosi, hilo ndilo ninaloliona mbele yangu.

Lingine ni la kisheria. Manispaa inapaswa kutoa somo la lugha ya nyumbani shuleni ikiwa wanafunzi wasiopungua watano wanalitaka na mwalimu anapatikana. Lakini mtoto lazima awe anaitumia lugha hiyo kila siku nyumbani, na awe na msingi wake. Mtoto anayejibu kwa Kiswidi tu mnamnyima haki hiyo wenyewe, hapo hapo sebuleni.

Si lazima mwende mpaka Höga Kusten, mafuta ni ghali. Hata nusu saa ya gari inatosha, ilimradi simu zimefungiwa na mzazi anazungumza. Jumamosi ijayo kila mwanafunzi aje na kitu kimoja alichookota njiani, jani au jiwe, na jina alilopewa nyumbani. Blåbär pia tutalijadili. Nina hoja zangu dhidi ya vizambarau, na nimesikia wale wawili wanajiandaa.