Mkopo si Malipizi

Huko Copenhagen, mwaka 2009, mataifa tajiri yaliahidi kuzikusanyia nchi maskini dola miliari 100 kila mwaka, ifikapo 2020, zipambane na kubadilika kwa tabianchi. Ahadi ilitimia 2022 tu, tena sehemu kubwa ilikuwa mikopo.

Wako wanaosema: Tushukuru, msaada ni msaada. Sisi twakataa. Amri ya saba yatufundisha: aliyeharibu mali ya mwenzake sharti alipe. Mtu akichoma nyumba ya jirani, kisha akamkopesha majani ya kuezeka, tumwite mfadhili?

Moshi wa viwanda vyao ulitangulia; wa Kongo yetu ni kidogo sana. Papa Fransisko alifundisha wazi mwaka 2015, katika Laudato si', kwamba Kaskazini ina deni kwa Kusini. Basi, mwenye deni asijifanye mkopeshaji.