Hukumu ya Hijabu Isiolo: Tuliisikia, Hatukuisoma



Wazazi wengi wa Kiislamu nchini Kenya ukiwauliza habari ya hijabu shuleni watakujibu kwamba Mahakama ya Juu iliipiga marufuku mwaka 2019. Si kweli, na uvumi huu unawaumiza mabinti zetu kuliko hukumu yenyewe.

Kesi ilihusu shule ya sekondari ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, inayofadhiliwa na Kanisa la Methodist. Wasichana wa Kiislamu waliombewa ruhusa ya kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare. Kanisa likakataa, likaenda mahakamani. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ya Meru ililipa ushindi. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa ikapindua, ikaona kwamba kanuni moja kwa wote inaweza kumbagua mtu bila kumtaja jina. Januari 2019 Mahakama ya Juu nayo ikaitengua hukumu hiyo ya rufaa.

Kwa sababu gani? Hapa ndipo vichwa vya habari vilipotupotosha. Majaji wengi walisema dai la hijabu liliingizwa kesini kwa njia isiyofaa, na mzazi aliyelileta. Jaji Ojwang peke yake hakukubaliana nao. Hawakusema hijabu ni kosa. Walisema anayetaka afungue shauri upya Mahakama Kuu, na wakaitaka bodi ya shule ishauriane na wahusika kuhusu kurekebisha kanuni zake kwa kufuata kifungu cha 32 cha Katiba, kinacholinda uhuru wa dini.

Wanaopinga wana hoja moja nzito: sare huwafanya watoto wote kuwa sawa. Tuijibu kwa adabu, tusiwaite maadui wa Uislamu. Mtungi wa rangi ile ile ya sare hauvunji usawa wowote. Mbona msichana asiyevua hijabu, akafukuzwa darasani, hatuambiwi yuko sawa na nani?

Basi mwalimu mkuu akikwambia "mahakama imekataa", mwombe kwa upole akuonyeshe hukumu. Sheria ya elimu ya mwaka 2013 imewapa wazazi wawakilishi ndani ya bodi ya shule. Wengi wetu hata hatuwajui. Mkutano wa wazazi wa muhula ujao twende, kina baba pia, tusiwaachie kina mama peke yao.